Shanga za Mbulu na Hanang: Saa za akina mama bado hazina bei

UKIFIKA mnadani Katesh, Basotu, Dongobesh au Haydom, kitu cha kwanza kukupokea ni vumbi la ng'ombe na cha pili ni kelele za wauza mitumba. Kazi za mikono za akina mama huwa pembeni, zimetandazwa juu ya kanga au kiroba kilichochanwa: bangili za shanga, mikufu, vibuyu vilivyopambwa, vikapu, na mara chache kipande cha ngozi kilichotungwa shanga mstari kwa mstari.

Mnunuzi huinama, hushika, huuliza bei. Akitajiwa, naye hutaja nusu yake. Jua likianza kushuka muuzaji hukubali, kwa sababu ana unga wa kununua na nauli ya kurudi kijijini. Hakuna aliyeiba hapo. Ila hakuna pia aliyepiga hesabu.

Mkulima wa kitunguu swaumu wa Bashay ataielewa hali hiyo bila kuelezwa mara mbili. Yeye anaijua lumbesa: gunia linashonewa kilemba juu, mlanguzi analipa gunia moja na kuondoka na moja na nusu. Serikali imepiga marufuku mtindo huo na maofisa wa vipimo husimamisha malori barabarani. Kwenye kazi za mikono lumbesa ipo vilevile, lakini haionekani kwa macho, maana kinachojazwa juu ya gunia ni saa za mama aliyekaa na sindano.

Hapo ndipo lilipo suala zima la kile kinachoitwa biashara ya haki. Neno lenyewe limechakaa kidogo kwa kutajwa sana kwenye semina na mabango ya miradi, lakini ndani yake kuna hesabu ambayo kikundi chochote cha Mbulu au Hanang kinaweza kuifanya kwa kalamu na daftari la shule.

Ujuzi ulikuwepo kabla ya watalii

Wanawake wa wilaya hizi hawakusubiri mzungu aje ndipo waanze kutunga shanga. Kwa Wairaqw, wasichana waliowekwa ndani katika unyago wa marmo walitumia muda huo kupamba sketi za ngozi kwa shanga. Unyago huo ulikoma wakati wa ukoloni, lakini sketi zake zimehifadhiwa hadi leo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani.

Kwa Wabarabaig, ambao ni kundi mojawapo la Wadatoga, mwanamke aliyeolewa ana hanang'weanda, sketi ya ngozi yenye mikanda myembamba inayoning'inia na mapambo ya shanga. Wahunzi wa Kidatoga huyeyusha makufuli na koki mbovu za maji wakapata bangili za shaba ya njano. Kule Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, wanawake wa Kihadzabe hutunga mikufu ya mbegu na shanga.

Ni maeneo machache barani Afrika ambako makundi manne makubwa ya lugha yanakutana kwenye mnada mmoja: Wabantu, Wakushi, Waniloti na wale wanaozungumza kwa vidoko. Mradi wa utamaduni ulioko Haydom, 4CCP, umechukua jina lake kutokana na makutano hayo. Kwa mfanyabiashara, hiyo ina maana kwamba bidhaa za hapa hazifanani na zile za Kimasai zinazojaza maduka ya Arusha. Mnunuzi aliyechoka kuona mikufu ileile kila duka angependa kuona kitu kingine, kama angejua kwamba kipo.

Lakini kuna tofauti kati ya kuuza kazi na kuuza urithi. Sketi ya bibi ikiuzwa mwaka wa njaa, familia inapata fedha mara moja tu, na binti aliyebaki nyumbani hana tena mahali pa kuangalia mshono. Hanang'weanda kwa mila si nguo ya kawaida, ni vazi la heshima linalohusishwa na uzazi na baraka. Kikundi kinachotaka kufanya biashara kwa uadilifu kingeanza kwa kukaa na bibi zao na kuamua kipi kinauzwa na kipi hakiuzwi. Mshono wa sketi unaweza kuhamia kwenye mkanda, mkoba au bangili pana. Sketi yenyewe ibaki na mwenyewe.

Hesabu ya bangili moja

Tuchukue mfano, na kila kikundi kiweke namba zake. Tuseme bangili pana ya shanga juu ya ngozi inatumia vifaa vya Sh 3,500: shanga, uzi, kipande cha ngozi na kifungo. Mama anaitunga kwa saa tisa, akiiba muda kati ya kuchota maji, kupika na kukamua. Mnadani anaiuza Sh 6,000. Anahesabu kwamba amepata Sh 6,000, anashukuru.

Kumbe amepata Sh 2,500 kwa saa tisa, yaani chini ya Sh 280 kwa saa. Kama kibarua cha kupalilia shamba la jirani kinalipa, tuseme, Sh 6,000 kwa saa sita, basi saa moja ya jembe ina thamani ya Sh 1,000. Sindano inalipwa karibu robo ya jembe, ingawa wanaojua kushika jembe ni wengi na wanaojua kutunga mshono ule ni wachache.

Kwa hesabu ya haki, bangili hiyo ingeanzia Sh 3,500 za vifaa, jumlisha Sh 9,000 za kazi, inakuwa Sh 12,500. Kikundi nacho kina nauli, simu, mifuko ya kufungashia na bidhaa zinazoharibika. Ukiweka Sh 1,500 kwa hayo, bei inafika Sh 14,000. Chini ya hapo mama anamfadhili mnunuzi.

Wengi watasema hakuna atakayenunua kwa bei hiyo mnadani. Ni kweli, mnadani hayupo. Ndiyo maana hesabu hii inakwenda pamoja na kubadilisha soko, na pia kupunguza saa. Mama anayefuata kipimo kilichokatwa tayari na mwenye rangi zilizopangwa mapema anamaliza haraka kuliko anayebuni na kufumua. Shanga zikinunuliwa kwa pamoja kwa bei ya jumla Arusha, badala ya kila mmoja kununua kijiko kwa mchuuzi, gharama ya vifaa nayo inashuka.

Na mtu asishtuke akisikia bangili iliyotoka kijijini kwa Sh 14,000 iko rafuni Ulaya kwa mara tatu au nne ya hapo. Duka lina pango, kodi, mishahara na usafirishaji. Cha kuuliza ni kama bei ya kwanza ilihesabiwa, na kama aliyeihesabu ni mtengenezaji mwenyewe.

Nusu ya fedha mbele

Harakati hizi zilianza na kazi za wanawake. Mwaka 1946 mama mmoja Mmarekani wa kanisa la Wamennonite, Edna Ruth Byler, alianza kununua vitambaa vilivyotarizwa na wanawake maskini wa Puerto Rico na kuwauzia majirani zake nyumbani. Biashara hiyo ndiyo ikaja kuwa Ten Thousand Villages. Kahawa na chai vilifuata baadaye, ingawa leo wengi wakisikia biashara ya haki wanafikiria kahawa tu.

Tofauti hiyo ina maana kwa kikundi cha shanga. Ile alama inayowekwa kwenye pakiti ya kahawa huthibitisha zao, lenye bei ya chini iliyopangwa na ukaguzi wake. Bangili haina bei ya dunia. Kwa hiyo kwenye kazi za mikono kinachokaguliwa ni taasisi yenyewe: inavyolipa, inavyoamua, inavyotunza kumbukumbu. Kazi hiyo inafanywa na Shirika la Biashara ya Haki Duniani, WFTO, lililoanzishwa mwaka 1989, ambalo lina kanuni kumi. Kwa Afrika kulianzishwa mtandao wa COFTA.

Kanuni moja ingefaa kubandikwa ukutani katika kila ofisi ya kikundi. Mnunuzi wa kazi za mikono anatakiwa, akiombwa, kutoa malipo ya awali yasiyo na riba ya angalau asilimia 50 ya oda. Oda ikifutwa bila kosa la mtengenezaji, kazi iliyokwisha kufanyika inapaswa kufidiwa.

Kwa mama wa Endagikot au Gendabi hilo ni jambo kubwa kuliko bei. Oda ya bangili 200 kwa mfano wetu inahitaji vifaa vya Sh 700,000 kabla ya senti moja kuingia. Bila malipo ya awali, kikundi kitakopa kwa mtu binafsi kwa riba, au mchuuzi wa shanga atawakopesha na kupanga bei ya bidhaa yeye mwenyewe. Mlango wa lumbesa unafunguka tena hapo.

Kinachowashinda wengi ni kutojua kwamba wana haki ya kuuliza. Anayejiita mnunuzi wa biashara ya haki na akaguna akiombwa nusu ya fedha, amejieleza tosha.

Kanuni nyingine inahusu watoto. Binti anayejifunza kutunga kwa mama yake jioni baada ya shule hajavunja kitu. Akibakishwa nyumbani ili oda iishe, imevunjwa, na mnunuzi makini ana haki ya kuondoka. Kikundi kinatakiwa kusema wazi kama watoto wanahusika na kwa kiasi gani. Kuficha kunaharibu zaidi.

Baraza la wanawake si jambo geni

Wataalamu wa maendeleo huja vijijini kuwafundisha wanawake kukaa kikundi. Wabarabaig wana girgwageda gademg, baraza la wanawake lenye mamlaka ya kumtoza faini hata mwanamume aliyewakosea wanawake, na faini hiyo inaweza kuwa dume la ng'ombe. Watu wenye chombo cha namna hiyo hawahitaji kufundishwa kuketi wakaamua. Wanachohitaji ni daftari.

Mgogoro wa vikundi vya kazi za mikono mara nyingi hauanzi kwenye fedha bali kwenye bidhaa zilizokataliwa. Oda ni ya bangili 200 zinazofanana. Mama mmoja ametunga kwa shanga kubwa kidogo, mwingine rangi ya bluu ilimwishia akaweka nyingine, wa tatu amefunga fundo ambalo litafunguka. Mkaguzi wa kikundi akizikataa, anaambiwa anapendelea ndugu zake.

Dawa yake ni kukubaliana kabla. Kikundi kiwe na sampuli moja iliyofungwa kwenye mfuko, futi ya fundi cherehani, na watu wawili wa kukagua badala ya mmoja. Kila mama aandikwe alichochukua na alichorudisha: gramu za shanga, idadi, tarehe, sahihi au dole gumba. Malipo yakipita kwenye simu ya kila mmoja kutoka akaunti ya kikundi, maneno hupungua, kwa sababu ujumbe wa simu hauna undugu.

Daftari hilohilo ndilo litakaloonyeshwa mkaguzi wa WFTO akija. Watu hudhani wanahitaji mtaalamu wa kuandika ripoti, kumbe ripoti ni daftari lililotunzwa.

Shaba, manyoya na sheria

Kuna mambo ya kiufundi yanayoweza kukwamisha mzigo mzima bandarini, na ni vizuri yajulikane mapema.

Bangili za makufuli na koki ni nzuri na zina hadithi, lakini shaba ya koki nyingi huchanganywa na risasi kiwandani ili ikatike kwa urahisi. Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2013 unazuia kuuza vito vyenye risasi inayozidi asilimia 0.05 ya uzito. Bangili iliyoyeyushwa kutoka vyuma mchanganyiko inaweza kuzidi hapo mara nyingi, na moshi wake si salama kwa mhunzi wala kwa mtoto anayevukuta moto. Kwa soko la Ulaya, mtu apime kwanza, au anunue shaba inayojulikana imetoka wapi.

Manyoya ya mbuni, maganda ya mayai yake na miiba ya nungunungu ni nyara za Serikali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Kuzitunga kwenye mkufu bila kibali ni kujitafutia kesi, hata kama bibi alizitumia tangu zamani. Ngozi mbichi yenye vinyweleo nayo haitoki nje ya nchi bila karatasi za mifugo. Iliyosindikwa vizuri ina usumbufu mdogo, na haitoi harufu ndani ya kontena.

Kwa upande wa ushuru, habari ni nzuri zaidi. Tanzania ikiwa nchi yenye maendeleo duni imekuwa ikiingiza bidhaa zake Umoja wa Ulaya bila ushuru chini ya mpango ulioanza mwaka 2001. Karatasi za asili ya bidhaa zikiwa sawa, bangili haitozwi ushuru wa forodha.

Mnunuzi mmoja ni hatari

Majirani wa Kenya wana funzo la kiondo. Vikapu vya katani vya Ukambani vilivuma Ulaya na Marekani katika miaka ya 1970 na 1980, na vikundi vya wanawake vikapata fedha. Kisha viwanda vya Asia vikatoa vya kuiga kwa mashine, kwa bei ambayo mkono wa mtu hauwezi kushindana nayo. Baadaye kampuni moja ya Uingereza ilijaribu kusajili neno la kikoi kama alama yake ya biashara, ikapingwa, na ombi likaachwa mwaka 2008. Kikundi chenye mshono wake kisajili jina lake BRELA mapema, na kila bidhaa itoke na karatasi ndogo inayosema imetoka kijiji gani. Mashine inaweza kuiga bangili, lakini haiwezi kusema imetoka Yaeda.

Hata wanunuzi wema hufilisika. Traidcraft ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1979 na kujulikana sana kwenye biashara ya haki, iliporomoka Januari 2023. Janga la corona la mwaka 2020 lilifunga maduka na kuzuia watalii kwa wakati mmoja. Kikundi kilichokuwa na mteja mmoja tu kilibaki na maboksi.

Kwa hiyo soko la karibu lisidharauliwe. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, imekuwa na uhusiano wa muda mrefu na Norway na hupokea wageni wanaotafuta cha kubeba kurudi nacho. Wapo wanaokuja kupanda Mlima Hanang, wenye mita 3,417. Barabara ya lami ya Babati hadi Singida inapita Katesh. Arusha na Karatu kuna maduka yanayohitaji bidhaa tofauti. Nchini kwetu mifano ipo: Women Craft ya Ngara, mkoani Kagera, ambayo tangu 2007 imefanya kazi na wasukaji wa vikapu wa mpakani, na Shanga ya Arusha, iliyoajiri watu wenye ulemavu kutengeneza bidhaa kutokana na chupa zilizotumika.

Mtaji wa ndani pia upo. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, nne kati yake kwa wanawake. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya matatizo ya usimamizi na ikarejeshwa mwaka 2024. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973, ina wataalamu wa ufungashaji na ngozi. Kikundi kinachokwenda huko na oda iliyoandikwa na hesabu ya saa mkononi husikilizwa tofauti na kile kinachokwenda na wazo.

Katesh wanajua pia jambo la kutunza mzigo. Maporomoko ya matope ya Desemba 3, 2023 kutoka Mlima Hanang yaliua zaidi ya watu 80 na kufukia nyumba, maduka na mali za wafanyabiashara. Bidhaa zilizokamilika zikigawanywa sehemu mbili, na nakala ya daftari ikikaa kijiji kingine, hilo si uoga.

Kalenda mbili

Lililobaki ni la wakulima zaidi kuliko la wafanyabiashara. Duka la Ulaya huuza sana Krismasi. Ili mzigo wa meli uwe rafuni Novemba, unatakiwa uwe umetoka Dar es Salaam karibu na Agosti. Maana yake bangili zinatungwa kati ya Aprili na Julai, na miezi ya mwisho ya hapo ndiyo ya kuvuna mahindi na ngano Hanang.

Kikundi kinachokubali oda bila kuiangalia kalenda hiyo kitachagua kati ya kuchelewesha mzigo na kuacha mahindi shambani. Chenye busara kinaomba oda mapema, kinagawa kazi kwa awamu, na kinaandika kwenye makubaliano kwamba Julai haihesabiwi.

Wanunuzi wakubwa huchagua bidhaa za mwaka kwenye maonyesho kama Ambiente ya Frankfurt, Ujerumani, ambayo hufanyika Februari. Sampuli inayotaka kuonekana huko inatakiwa iwe imemalizika kabla ya Krismasi, wakati Hanang watu wako shambani wanapanda.